John Akii-Bua: Mwanariadha, Mkufunzi Wake na Njia ya Kwanza

Utangulizi

Apitaye katika vichochoro vya Kibera, kuanzia kijiji cha Raila hadi Makina, au avukaye kwenda Kawangware upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, hakosi kukutana na vibanda vya mazoezi. Vyuma vinavyoinuliwa humo aghalabu si vya kununuliwa dukani. Ni mikebe iliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa vipande vya bomba. Vijana huviinua asubuhi na jioni, wengine wakitafuta afya tu na wengine wakiota ubingwa. Mkebe wa saruji huweza kujenga misuli sawasawa na chuma cha bei ghali. Swali linalosalia ni je, moyo wa mashindano hujengwa kwa nini, na nani?

Maisha ya John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1972 katika mbio za mita 400 kuruka viunzi, yana jibu la swali hili. Yeye pia alijengwa kwa vifaa vya kubuni, katika nchi ambayo haikuwa na uwanja wa kisasa. Ushindi wake umeelezwa mara nyingi kana kwamba ulikuwa zawadi ya maumbile, yaani Mwafrika mwenye miguu mirefu aliyeinuka tu akakimbia. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa jicho tofauti. Yanamtazama kama matunda ya kazi ya watu wawili, mwanariadha na mkufunzi, na yanafuatilia yaliyompata baada ya mkufunzi huyo kuondoka na nishani yake kuwa mali ya utawala.

Malezi na Ujana

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa na watoto zaidi ya 40. Katika boma kubwa kama hilo mtoto hujifunza mapema kwamba nafasi hupatikana kwa bidii, wala haji mtu kumtafuta aliyekaa pembeni. Akii-Bua alichunga ng'ombe kama watoto wengine wa rika lake, akawakimbiza mbugani na kuwarejesha zizini jioni.

Baba alifariki Akii-Bua akiwa bado kijana, na masomo yake yakakatika. Alifanya kazi katika biashara ya ndugu yake kabla ya kuelekea Kampala katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 na kujiunga na polisi. Hatua hii ilikuwa ya kawaida kwa vijana wa zama hizo. Katika Uganda na Kenya pia, polisi, jeshi na magereza ndiyo yaliyokuwa makao ya riadha. Askari alipata mshahara, chakula, viatu na muda wa kufanya mazoezi, mambo ambayo kijana wa kijijini hakuweza kuyapata kwingineko.

Katika polisi alimkuta Jorem Ochana, afisa aliyekuwa mwenyewe mrukaji mashuhuri wa viunzi, ambaye alimwingiza katika fani hiyo. Akii-Bua alianza na mbio fupi za mita 110 kuruka viunzi. Alijitahidi, lakini hakufuzu kwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Kwa wakati huo alikuwa mwanariadha mzuri miongoni mwa wengi, wala hapakuwa na dalili ya wazi kwamba jina lake lingevuka mipaka ya Afrika Mashariki.

Mkufunzi Kutoka Ng'ambo

Mwaka huohuo wa 1968 Malcolm Arnold, Mwingereza aliyekuwa bado hajatimiza miaka 30, aliwasili Uganda kuwa mkufunzi wa taifa wa riadha. Hakuja na sifa kubwa, wala hakuna aliyejua kwamba miaka mingi baadaye angemfunza Colin Jackson, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 110 kuruka viunzi mwaka 1993, na Dai Greene, bingwa wa dunia wa mita 400 kuruka viunzi mwaka 2011. Inaweza kusemwa kwamba Kampala ilikuwa shule ya Arnold kama alivyokuwa Arnold mwalimu wa Kampala.

Jambo la kwanza alilolitambua ni kwamba Akii-Bua alikuwa katika mbio zisizomfaa. Alimshauri ahamie mita 400 kuruka viunzi. Ushauri huu haukuwa mwepesi kupokewa. Mbio hizi zina sifa ya ukatili hata miongoni mwa wanariadha wenyewe. Mkimbiaji hukimbia mita 45 kufikia kiunzi cha kwanza, kisha hukuta vingine tisa vilivyotengana kwa mita 35, na baada ya kiunzi cha kumi husaliwa na mita 40 za kumalizia huku mapafu yakiwaka na miguu ikiwa mizito. Kila kiunzi kina urefu wa sentimita 91.4. Anayekosea hesabu ya hatua zake hulazimika kufupisha au kurefusha mwendo mbele ya kiunzi, na kosa hilo dogo humgharimu mbio nzima.

Kwa sababu hiyo mbio hizi ni mtihani wa akili vilevile. Mkimbiaji anayepiga hatua 13 baina ya viunzi huruka kwa mguu uleule kila mara. Anapochoka na kulazimika kupiga hatua 14, mguu wa kutangulia hubadilika. Asiyejizoeza kuruka kwa miguu yote miwili hujikuta ameduwaa katikati ya uwanja. Akii-Bua alijifunza kutanguliza mguu wowote, na uwezo huo ulimwondolea hofu ambayo wapinzani wake wengi waliibeba. Hapa pana somo la kwanza la ushirikiano wake na Arnold: hofu haikuondolewa kwa maneno matamu ya kutia moyo. Iliondolewa kwa kumpa mwanariadha njia ya kufanya pale mambo yanapoharibika.

Jaketi la Madini ya Risasi

Mwaka 1970 Akii-Bua alishiriki Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh na kumaliza wa nne katika fainali. Nafasi ya nne ni nafasi chungu, kwani humkaribisha mtu mlangoni pa karamu bila ya kumpa kiti. Hata hivyo, kwa mtu aliyekuwa mgeni katika mbio hizo, ilikuwa ishara njema. Yeye na mkufunzi wake walirudi Kampala na kuongeza uzito wa kazi, kwa maana halisi ya neno hilo.

Kampala haikuwa na uwanja wa kisasa wa kukimbilia wala maabara ya michezo. Palikuwa na viwanja vya nyasi, palikuwa na vilima, na palikuwa na ubunifu. Akii-Bua alivaa jaketi lililoshonewa vipande vya madini ya risasi, lenye uzito wa zaidi ya kilo 10, kisha akakimbia na kuruka viunzi akiwa amelivaa. Viunzi vyenyewe wakati mwingine viliinuliwa hadi kimo cha vile vya mita 110, ambavyo ni sentimita 106.7, na masafa yakarefushwa kupita mita 400. Alipovua jaketi na kurejea kwenye viunzi vya kawaida, mwili ulijiona umefunguliwa minyororo.

Manufaa ya mazoezi haya hayakuishia kwenye misuli. Mtu aliyezoea kuruka kiunzi kirefu akiwa amechoka na kubebeshwa mzigo haogopi tena kiunzi kifupi akiwa mwepesi. Wataalamu wa saikolojia ya michezo hufundisha kwamba kujiamini kwa kweli huzaliwa na kumbukumbu: mwanariadha anapokabiliwa na jambo gumu, akili yake hutafuta katika ghala lake kama aliwahi kulishinda jambo kama hilo. Ghala la Akii-Bua lilijazwa siku baada ya siku katika nyasi za Kampala. Mchumia juani hulia kivulini.

Matunda ya awali yalionekana mwaka 1971. Katika mashindano ya Afrika dhidi ya Marekani yaliyofanyika Durham, jimbo la North Carolina, Akii-Bua alikimbia kwa sekunde 49.0, muda uliokuwa bora kuliko wote duniani mwaka huo. Hata hivyo, wachambuzi wengi hawakumpa uzito. Hakuwa amekutana mara nyingi na wakali wa Ulaya na Marekani, na huko kwao Uganda haikuwa nchi ya kutazamiwa katika mbio za kasi.

Munich, 1972

Michezo ya Olimpiki ya Munich ilipofika, macho yote yalikuwa kwa David Hemery wa Uingereza. Hemery alikuwa bingwa wa mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, aliyoiweka Mexico katika mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, mahali ambapo wepesi wa hewa huwasaidia wakimbiaji wa masafa mafupi. Kando yake alikuwepo Ralph Mann wa Marekani. Akii-Bua alishinda nusu fainali yake, lakini alipopangiwa nafasi ya fainali alikuta amepewa njia ya kwanza.

Njia ya kwanza, iliyo ya ndani kabisa, haipendwi na warukaji wa viunzi. Kona zake ni kali, na mkimbiaji mrefu kama Akii-Bua huvutwa nje na kasi yake mwenyewe huku akitakiwa kutua sawasawa baada ya kila kiunzi. Aidha, kwa kuwa wakimbiaji hupangwa kwa ngazi, aliye njia ya kwanza huwaona wote saba wakiwa mbele yake tangu mwanzo. Jambo hili lina sura mbili. Asiye imara huingiwa na kiwewe akadhani ameachwa, akaongeza kasi kabla ya wakati, na nguvu zikamwishia kwenye kiunzi cha nane. Aliye imara huwageuza wale saba kuwa alama za njiani, akazifuta moja baada ya nyingine.

Habari za njia ya kwanza zilimtia Akii-Bua wasiwasi, na haikuwa ajabu. Ubingwa si kukosa hofu. Tarehe 2 Septemba 1972 Hemery alianza kwa kasi kubwa iliyokusudiwa kuwavunja moyo wenzake mapema. Aliyekuwa na sababu nyingi zaidi ya kufuata kasi hiyo ni yule wa njia ya kwanza, aliyeiona yote mbele ya macho yake. Hakuifuata. Alikimbia mbio zake mwenyewe kwa hesabu ya hatua zake mwenyewe, akawafikia mmoja mmoja, na katika kona ya mwisho akawa bega kwa bega na mabingwa. Walipoingia katika mstari ulionyooka alikuwa mbele, na kila hatua ilizidisha pengo.

Saa ilionyesha sekunde 47.82. Ilikuwa rekodi mpya ya dunia, na kwa mara ya kwanza binadamu alikuwa amekimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Mann alipata sekunde 48.51 na Hemery 48.52. Akii-Bua hakusimama. Aliendelea kuuzunguka uwanja akirukaruka kwa furaha, na picha ya mtu aliyemaliza mbio ngumu kuliko zote kisha akataka kuziendeleza ikabaki katika kumbukumbu za waliomwona. Uganda ilikuwa imepata nishani yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki.

Inafaa kutajwa kwamba Hemery, aliyeshindwa siku hiyo, baadaye alijulikana kwa kazi yake ya kuchunguza fikra za wanamichezo bora na kwa mchango wake katika taaluma ya ukufunzi. Hapana shaka alijua thamani ya akili tulivu. Aliwahi kuiona ikimpita kutoka njia ya kwanza.

Nishani Mikononi mwa Utawala

Siku tatu baada ya ushindi huo, tarehe 5 Septemba, wanamgambo wa Kipalestina waliwateka wanamichezo wa Israeli katika kijiji cha Olimpiki, na tukio hilo likaisha kwa vifo vya Waisraeli 11. Nyumbani Uganda nako hakukuwa na amani. Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971 kwa kumpindua Milton Obote, mwenyeji wa Lango. Askari wengi wa jamii za Acholi na Lango waliuawa katika miaka iliyofuata, na mwezi Agosti 1972 Amin alikuwa ameamuru Waasia waondoke nchini katika siku 90. Bingwa wa dunia alirejea katika nchi hiyo, naye ni mtu wa Lango.

Amin alimpokea kwa shangwe. Alipandishwa cheo katika polisi, akapewa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Zawadi hizo zilikuwa na bei yake. Utawala ulimtumia kama ushahidi kwamba watu wa Lango hawakuwa wakiteswa, ilhali jamaa na majirani wa kwao waliishi kwa hofu. Mtu aliyefundishwa kukimbia mbio zake mwenyewe alijikuta katika uwanja ambao njia zote zilipangwa na mtu mwingine.

Arnold naye alikuwa amerejea Uingereza. Kwa muda Akii-Bua aliendelea kuvuna alichokipanda: mwezi Januari 1973 alishinda nishani ya dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Lagos kwa sekunde 48.54. Ushindi huo wathibitisha kwamba mkufunzi wake hakumfanya tegemezi. Hata hivyo, mwanariadha hahitaji moyo pekee. Huhitaji mashindano, na hayo yakazidi kuwa adimu.

Mwaka 1976 alikuwa miongoni mwa Waafrika waliofika Montreal tayari kwa Olimpiki. Nchi nyingi za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, zilijiondoa kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Sababu ilikuwa ya haki, lakini gharama yake ilibebwa na vijana waliofanya mazoezi kwa miaka minne. Katika fainali ya mita 400 kuruka viunzi, Mmarekani Edwin Moses alishinda na kuifuta rekodi ya Akii-Bua. Wawili hao hawakupata kupambana walipokuwa wote katika ubora wao, na swali la nani angeshinda limebaki bila jibu. Mwaka 1978, katika Michezo ya Afrika mjini Algiers, Akii-Bua alipata nishani ya fedha nyuma ya Mkenya Daniel Kimaiyo.

Uhamishoni

Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliusonga utawala wa Amin, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Akii-Bua alijikuta kati ya mawe mawili ya kusagia. Kwa watu wa Amin alikuwa mtu wa Lango. Kwa washindi alikuwa afisa aliyepewa nyumba na Amin. Alichukua familia yake akavuka mpaka kuingia Kenya, na huko bingwa wa Olimpiki akawekwa katika kambi ya wakimbizi pamoja na maelfu ya watu wasio na majina.

Habari zake zilipojulikana, kampuni ya Puma, ambayo viatu vyake alikuwa akivivaa, ilimsaidia kwenda Ujerumani, akafanya kazi katika kampuni hiyo kwa miaka kadhaa. Mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 30, alikimbia tena kwa bendera ya Uganda katika Olimpiki ya Moscow na kufika nusu fainali. Kenya haikuwepo, kwani ilikuwa imesusia michezo hiyo pia. Haikuwa tena kasi ya Munich, lakini kusimama kwake kwenye mstari wa kuanzia baada ya kambi ya wakimbizi ni ushindi ambao haukuandikwa katika orodha ya nishani.

Kurejea na Ukufunzi

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Akii-Bua alirejea Uganda, akarudi katika polisi na kuwa mkufunzi wa riadha. Duara lilikuwa limekamilika: aliyefundishwa na Ochana na Arnold sasa alifundisha vijana. Hakuwa na fedha nyingi za kuwapa, na nchi ilikuwa ingali ikijiuguza majeraha ya vita. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa namna mtu wa kawaida anavyoweza kugeuzwa kuwa bingwa bila vifaa vya kifahari. Mke wake alitangulia kufariki. Yeye mwenyewe alifariki mjini Kampala tarehe 20 Juni 1997 akiwa na umri wa miaka 47, akaacha watoto 11, na serikali ikamzika kwa heshima za kitaifa. Uganda ilisubiri miaka 40 tangu Munich kabla ya Stephen Kiprotich kuiletea nishani ya pili ya dhahabu katika marathoni ya London mwaka 2012.

Hitimisho

Maisha ya John Akii-Bua yanadhihirisha mambo mawili ambayo hayana budi kutazamwa pamoja. La kwanza ni kwamba ubingwa hufundishika. Jaketi la risasi, viunzi virefu na uwezo wa kutanguliza mguu wowote havikuwa vipaji vya kuzaliwa navyo. Vilikuwa mipango ya watu wawili walioaminiana. Mkufunzi hodari hamfanyi mwanafunzi wake amhitaji milele. Humwandaa kwa siku atakayosimama katika njia ya kwanza peke yake, mkufunzi akiwa jukwaani asiyeweza kumsaidia kwa lolote.

La pili ni kwamba hata moyo uliojengwa vyema una mipaka. Arnold aliweza kumfunza Akii-Bua kustahimili kiunzi cha kumi. Hakuweza kumkinga na dikteta, na kususia michezo, wala na vita. Hayo yalihitaji nchi yenye amani inayomthamini mwanamichezo kwa utu wake kabla ya nishani yake.

Kijana wa Kibera au Kawangware anayeinua mkebe wa saruji alfajiri hana sababu ya kuudharau. Uzito ni uzito. Anachokihitaji zaidi ni mtu wa kusimama kando yake, anayejua kwa nini anauinua, na jamii ambayo haitamkumbuka siku ya ushindi pekee.